Kicheko Katika Benchi la Mahakama

Mwenye kupita mbele ya mahakama ya kadhi asubuhi, kabla karani hajaita jina la kwanza, huenda akadhani kuna harusi ndani. Wanawake wamebanana katika benchi moja, wengine na watoto magotini, na kicheko chao kinasikika hadi njiani. Mpitaji huyo akiwa mkubwa wa serikali huenda akaudhika, akaona kwamba mahala pa heshima pamegeuzwa barza. Sisi tuliokaa katika benchi hilo hivi karibuni, katika mahakama moja ya shamba hapa Unguja, tungependa kumweleza mkubwa huyo kilichokuwa kikichekwa.

Bibi mmoja, ambaye mumewe amehama nyumba na kuwaacha watoto watatu bila ya matunzo, alisema: "Mahari alinilipa kwa mafungu, na fungu la mwisho sijaliona mpaka leo. Lakini kuondoka, kaondoka kwa mkupuo." Jirani yake alikuwa ndiyo kwanza asomewe madai yake kama yalivyoandikwa na karani. Ndoa yake ya miaka kumi na moja ilikuwa imeenea katika mistari minane. "Basi hata mwaka mmoja haukupata mstari wake," alisema, na benchi zima likaangua kicheko. Mzee mmoja aliyekaa peke yake upande wa pili, naye ni mdaiwa, alishindwa kujizuia akachangia: kumwacha mke alitumia neno moja tu, na sasa anatakiwa kulieleza kwa maneno ya gunia zima.

Kicheko hiki si cha furaha, wala si cha dharau kwa mahakama. Mtu akifa, watu huja. Hutandikwa jamvi, hupikwa, husomwa hitima, na mfiwa hapati nafasi ya kukaa pweke na fikra zake. Talaka haina matanga. Mwanamke hurudi kwa wazee wake usiku na sanduku lake, na asubuhi majirani hujifanya hawakumwona. Mahala pa kwanza anapokutana na watu waliofikwa na msiba kama wake ni lile benchi, na kwa kuwa hakuna aliyemletea uji wala rambirambi, hujiliwaza kwa mzaha mchungu kuliko shubiri. Tunadiriki kusema kwamba aliyenyimwa hata huo amenyimwa kitu kikubwa.

Hata hivyo mzaha huo una mpaka wake. Mtoto wa miaka sita au saba aliyekaa kando ya mama yake husikia "kaondoka kwa mkupuo", na anayesemwa ni baba yake. Tulimwona mmoja akicheka pamoja na wakubwa, kisha akanyamaza ghafla.

Tuje kwenye yale yanayowahusu maofisa wetu. Sheria ya Mahakama ya Kadhi Namba 9 ya mwaka 2017, iliyochukua nafasi ya ile Namba 3 ya mwaka 1985, imemwezesha kadhi kusikiliza pia madai ya mgawanyo wa mali ya wanandoa pale mchango wa mwenye kudai unapothibitika. Ni hatua njema. Taabu iko katika hilo neno "unapothibitika". Tangu mwaka 1989, ukulima wa mwani ulipoanza kibiashara katika pwani zetu, wanawake wengi wametia nguvu zao baharini, na fedha ya mwani imegeuka mabati, saruji na ada za skuli. Lakini nani aliyeweka risiti? Fundi alilipwa mkononi, saruji ilinunuliwa mfuko mmoja mmoja, na kiwanja kiliandikwa jina la mume kwa sababu hapakuwa na aliyefikiri kuliandika vyengine. Bibi tuliyemtaja mwanzo aliulizwa na mwenziwe kama amekuja na shahidi. "Shahidi wangu ni bahari," alijibu, "lakini leo bamvua, imekwenda mbali."

Walicheka sana kwa hilo, nasi tulichelewa kulielewa. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku zake maji hukupwa hata mashamba ya mwani yakaachwa wazi. Ndizo siku za kufunga mbegu na za kuvuna. Atakayekosa siku hizo chache hungoja bamvua la pili. Sasa, mdaiwa asipotokea, shauri huahirishwa, na siku ile liliahirishwa kwa wiki mbili. Ahesabu mwenye kutaka: wiki mbili kutoka bamvua ni bamvua. Bibi yule ameitwa mara tatu, na mara zote tatu kamba zake zimebaki baharini bila ya mtu. "Mume wangu skuli hakusoma," alisema, "lakini hizi tarehe kazisoma barabara."

Hatuwezi kusema kama mume huyo alikusudia. Tunachojua ni kwamba mwanamke anayedai matunzo ya watoto hupoteza, kwa kila wito, kile kile kinachowalisha watoto hao wakati akingoja. Kwa hiyo tunawaomba wanaopanga mashauri katika wilaya za pwani watundike kalenda ya mwezi kando ya ile ya serikali, na mwenye kulima mwani apangiwe siku za maji mafu. Jambo hili halihitaji sheria mpya wala fungu la fedha. Na mdaiwa anayekosa kuja mara ya pili bila ya udhuru asiachwe aifanye kalenda ya mahakama kuwa yake. Masheha wanaowajua watu wao, na ambao mara nyingi ndio wanaoyapokea magomvi haya kwanza, wangeweza kusaidia kumfikisha.

Saa nne na nusu karani alitoka akasema mdaiwa hayupo. Bibi yule alikunja karatasi yake, akamkabidhi mtoto kwa mwenziwe wa benchi, akatuuliza ni saa ngapi. Tulipomjibu, alitazama upande wa pwani, akapandisha kanga yake kiunoni, akaondoka mbio kuwahi maji.