Nani hulipwa mchezo unaporudiwa? Lucille Ball alijibu tangu 1951

Na Mwandishi Wetu, Songea

MCHEZO wa vichekesho unaporudiwa katika televisheni, mtazamaji wa Majengo mjini Songea hucheka upya kana kwamba ndiyo kwanza anauona. Ni nadra kujiuliza ni nani anayelipwa kwa kicheko hicho cha mara ya pili.

Swali hilo lilipata jibu nchini Marekani mwaka 1951, na aliyelitafutia jibu ni mwigizaji wa kike, Lucille Ball.

Lucille alizaliwa Agosti 6, 1911 katika mji wa Jamestown, New York. Kwa takriban miaka 20 aliigiza katika filamu nyingi, lakini hakupata kuwa nyota wa daraja la kwanza. Jina lake lilianza kukua mwaka 1948, alipoigiza mke mwenye vituko katika mchezo wa redio wa shirika la CBS.

CBS ilipotaka kuuhamishia mchezo wa aina hiyo katika televisheni, Lucille alishikilia kuwa mume wake katika mchezo awe mume wake wa ndoa, Desi Arnaz, mwanamuziki mzaliwa wa Cuba. Wakubwa wa shirika walihofu kuwa watazamaji wasingempokea. Wanandoa hao wakazunguka kumbi za maonyesho mwaka 1950, watu wakawashangilia, na hofu ikaisha.

Mchezo wao, I Love Lucy, ulianza kurushwa Oktoba 15, 1951. Wakati huo michezo mingi ilirushwa moja kwa moja kutoka New York, na miji ya mbali ikaoneshwa nakala hafifu. Wawili hao walitaka kubaki Los Angeles na kurekodi kila kipindi katika mkanda wa filamu, kwa kamera tatu, mbele ya watazamaji ukumbini.

Gharama ilikuwa kubwa zaidi. Walikubali kupunguziwa malipo, kwa sharti kwamba mikanda iwe mali ya kampuni yao, Desilu.

Sharti hilo ndilo lililobadili maisha yao. Januari 19, 1953, siku ambayo Lucille alijifungua mtoto wa kiume, kipindi kilichoonesha mhusika wake akijifungua kilitazamwa na watu wapatao milioni 44. Mikanda ile iliweza kurudiwa na kuuzwa, na mwaka 1957 Desilu ilinunua studio za RKO.

Baada ya ndoa kuvunjika mwaka 1960, Lucille alinunua hisa za Arnaz mwaka 1962 na kuiongoza kampuni mwenyewe. Chini yake ndipo Star Trek ilipotengenezwa. Mwaka 1967 aliiuza Desilu kwa dola za Marekani zipatazo milioni 17. Alifariki dunia Aprili 26, 1989.

Afrika Mashariki ilipita njia nyingine. Kenya ilipata televisheni mwaka 1962, na baadaye mchezo wa Vitimbi ukawapa umaarufu Mary Khavere, maarufu kama Mama Kayai, na Benson Wanjau, yaani Mzee Ojwang'. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994. Wachekeshaji kama Pwagu na Pwaguzi walijulikana kwa sauti tu, kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam.

Huku kwetu chombo cha utangazaji ndicho kilichokuwa na mitambo na kanda. Msanii alibaki na umaarufu. Mwaka 2012 Wakenya walilazimika kuchanga fedha ili Mzee Ojwang' atibiwe macho. Alifariki dunia Julai 12, 2015.

Nchini Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda msanii dhidi ya kurekodiwa na kurushwa bila ridhaa yake. Hata hivyo, akishatia saini mkataba unaokabidhi kila kitu kwa malipo ya mara moja, ridhaa ameshaitoa.

Kwa hiyo kijana anayeanza uigizaji asiishie kuuliza atalipwa kiasi gani siku ya kurekodi. Aulize pia mkanda utakuwa wa nani, utarudiwa mara ngapi, na fungu lake ni lipi kila unaporudiwa. Lucille Ball aliuliza kabla ya kamera kuwashwa.