USIKU MMOJA MAZWI

Mtu wa visiwani akifika Sumbawanga mwezi wa Juni au Julai hutambua mara moja kwamba nchi hii ina hali nyingi za hewa. Mji huo, makao makuu ya Mkoa wa Rukwa ulioundwa mwaka 1974, umekaa juu ya uwanda wa Ufipa, na baridi yake haimwonei haya mgeni. Sisi tulishuka basi Mazwi usiku, tumevaa shati la Unguja.

Mama mwenye nyumba ya wageni hakuanza na fedha. Alianza na ndoo ya maji ya moto na blanketi la pili. "Pole, baba," alisema, "huku kwetu blanketi moja ni la mchana." Ndipo akafungua daftari tuandike jina, kazi, tutokako na tuendako.

Asubuhi tulishuhudia jambo lililotufanya tushike kalamu. Mgeni mwenzetu, mtumishi wa umma aliyelala usiku mmoja kama sisi, alitaka stakabadhi ya siku tatu ili akarejeshe masurufu ofisini. Aliahidi na bakshishi. Mama alikataa kwa upole: "Mwanangu, nikiandika siku tatu, ushuru wa siku mbili usizolala nitaulipa mimi?"

Swali hilo lilitukumbusha nyumba nyingine, katika mji mwingine njiani, ambako tuliambiwa kitabu cha stakabadhi kimekwisha. Huko usiku wetu haukuandikwa popote. Hapa usiku mmoja ulitakiwa uzae watatu. Wizi huo una milango miwili, lakini nyumba inayoibiwa ni moja. Ushuru wa nyumba za kulala wageni ni sehemu ya mapato ya halmashauri, na masurufu ni fedha ya wananchi.

Huko Japani bakshishi si desturi. Mgeni hulipa bei iliyotajwa, na utumishi mwema umo ndani ya bei hiyo. Mama wa Mazwi hakuhitaji kwenda Japani kujifunza hilo.

Tunawaomba wakuu wa halmashauri wasitosheke na kutoza faini. Walinganishe daftari la wageni na stakabadhi, na ofisi zinazowatuma watumishi safarini zifanye vivyo hivyo. Hesabu mbili zikikutanishwa, uongo hukosa mahali pa kulala.

Nanyi ndugu zetu wa Unguja na Pemba, ambao leo mgeni ni riziki kama ilivyo karafuu, mnajua kwamba mgeni hurudi alikotendewa haki. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wamesema wazee. Basi na apone mwenyeji, wala asiuguzwe na kalamu ya mgeni wake.