Tundu la simu lilipozibwa, redio nayo ikatoweka

Simu janja nyingi za bei ya juu zinazouzwa siku hizi hazina tundu la kuchomekea spika za masikioni, wala hazipokei redio ya FM. Wengi hudhani kwamba mambo hayo hayahusiani. Yanahusiana sana.

Mawimbi ya FM yana urefu wa takriban mita 3, na simu ni chombo kidogo mno kubeba antena inayoyafaa. Watengenezaji wakautumia waya wa spika za masikioni kuwa antena. Ndiyo maana redio ya simu hudai waya uchomekwe hata msikilizaji anapotaka sauti itoke kwenye spika ya simu yenyewe.

Apple haikuwa ya kwanza kuliondoa tundu hilo, lakini ndiyo iliyofuatwa. Ilipozindua iPhone 7 mwezi Septemba 2016, ilieleza kwamba nafasi ilihitajika kwa vifaa vingine. Siku hiyohiyo ilitangaza spika zisizo na waya kwa dola 159, jambo linalofanya hoja ya nafasi isitoshe peke yake. Samsung, iliyowahi kuikejeli Apple kwa uamuzi huo, ilifanya vivyo hivyo mwaka 2019 katika Galaxy Note 10.

Septemba 2017, kimbunga Maria kilizima zaidi ya asilimia 90 ya minara ya simu huko Puerto Rico. Mwenyekiti wa tume ya mawasiliano ya Marekani, Ajit Pai, aliitaka Apple iwashe redio ya FM katika simu zake. Kampuni ilijibu kuwa iPhone 7 na iPhone 8 hazina kabisa kipokezi wala antena ya FM.

Nchini Uganda, intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi wa Januari 2021. Aliyetegemea programu ya intaneti kusikiliza redio alikosa matangazo. Mwenye simu ndogo ya vitufe hakuhitaji kifurushi chochote.

Baadhi ya simu janja za bei nafuu bado zina tundu na redio. Hata hivyo, programu iliyoandikwa FM si ushahidi, kwa kuwa nyingi huvuta matangazo kupitia intaneti. Mnunuzi azime data na Wi-Fi akiwa bado dukani, achomeke waya, kisha asikilize.