Udongo Mzito Dodoma, Ukuta Mwepesi Pwani

Nyumba ya udongo imeanza kusifiwa tena, na aghalabu na watu ambao wazazi wao waliikimbia. Wanasema ina ubaridi. Kama ni kweli au la, inategemea umejenga wapi.

Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mchana jua ni kali, usiku joto hushuka sana, na mwezi wa Julai watu hulala na mablanketi. Ukuta wa udongo wenye unene wa sentimita 30 hupokea joto polepole. Linapofika upande wa ndani saa nyingi zimepita, giza limeingia, na mwenye nyumba analihitaji. Alfajiri ukuta umekwisha kupoa. Tembe la Wagogo liliufuata mwendo huo: paa bapa lililofunikwa kwa udongo, kuta fupi, matundu machache.

Chukua ukuta huohuo uupeleke Pangani. Usiku wa Februari joto la pwani halishuki vya kutosha kuupoza, basi kile ulichokipokea mchana kutwa unamrudishia aliyelala. Unyevu nao hauachi jasho likauke. Huku kinachopoza ni upepo: kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi, kisha kusi. Ndiyo maana wajenzi wa pwani walisimamisha boriti na fito, wakakandika udongo mwembamba, wakaezeka makuti kwa mteremko mkali na kuacha uwazi chini ya paa ili hewa ya moto itoke. Dirisha moja lisilotazamana na jingine halileti upepo, hata liwe kubwa vipi.

Kote kuwili, kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini. Jua la asubuhi na la alasiri huja kwa chini, upenu hauwezi kulizuia, hivyo lipewe ukuta mfupi.

Hata hivyo tusilipambe tembe. Lilivuja, lilijaa moshi, na nyufa za sakafu yake zilikuwa makao ya papasi, wadudu waletao homa ya papasi. Wakati wa Operesheni Dodoma, kampeni ya serikali ya kuwahamishia watu vijijini, 1971, watu walihimizwa kujenga nyumba bora, na kwa sababu ya papasi hilo lilikuwa jambo la haki. Kosa lilikuja na bati lisilo na dari: saa nane mchana nyumba ni tanuri. Ningebakiza ukuta mzito juu ya msingi wa mawe, nisakafie kwa saruji, niweke bati lenye dari na matundu ya hewa.

Bati hilo si lazima liwe jipya. Chakavu lisilo na kutu ya kutoboka lafaa, na milango ya mninga iliyotolewa kwenye nyumba za zamani hushinda mbao mbichi nyingi za sokoni. Lakini mabati ya asbesto usiyaguse, kwani vumbi lake huleta saratani, na nguzo za umeme zilizotiwa dawa zisiingie ndani wala jikoni kama kuni.

Kabla hujamlipa fundi fedha za mawe, nenda kiwanjani saa nne usiku, mwezi wa joto kali, uone upepo unatoka wapi, kama upo.