Je, Wajua? Mabomu ya mtawanyiko na kiporo cha Arusha

Pale Lakilaki, wilayani Arumeru, kuna majengo ya taasisi ya Umoja wa Mataifa inayomalizia viporo vya mahakama mbili: ile ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyokaa hapa hapa Arusha, na ile ya Yugoslavia ya zamani, The Hague. Ni hii ya pili iliyowahi kuhukumu matumizi ya mabomu ya mtawanyiko, yaani yale yanayomwaga vibomu vingi kwa mpigo.

Mei 2 na 3, 1995, jiji la Zagreb lilipigwa kwa roketi za Orkan kwa amri ya Milan Martić, kiongozi wa Waserbia wa Croatia. Roketi moja hubeba vibomu 288, na kila kibomu kina golori 420, ndogo kama punje ya mtama. Piga hesabu: golori 120,960! Watu wasiopungua saba walikufa.

Mwaka 2007 Martić alifungwa miaka 35 kwa makosa mengi, hilo likiwamo. Majaji walisema silaha hiyo, ikirushwa kutoka umbali uliotumika kuipiga Zagreb, haibagui askari na mpita njia. Hawakusema bomu lenyewe ni haramu.

Mkataba wa kupiga marufuku mabomu ya mtawanyiko ulitiwa saini Oslo, Desemba 2008, na Tanzania ilisaini. Marekani, Urusi na Ukraine hazikusaini. Mwaka 2023 Marekani iliipelekea Ukraine shehena ya makombora ya mtawanyiko, ikidai vibomu visivyolipuka havizidi asilimia 2.35. Yaonekana kidogo, ila kombora moja la mzinga hubeba vibomu zaidi ya 70, na makombora hayarushwi mojamoja.