Septemba ya Milele

Septemba ya Milele ni jina la kipindi kilichoanza Septemba 1993 katika historia ya Usenet, mtandao wa majadiliano uliotumika kabla intaneti haijaenea majumbani. Kuanzia wakati huo wageni waliingia kwa wingi kuliko uwezo wa wenyeji kuwafundisha desturi zao.

Asili ya Usenet

Usenet ilibuniwa mwaka 1979 na Tom Truscott na Jim Ellis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke, jimbo la North Carolina, Marekani. Ujumbe ulinakiliwa kutoka kompyuta moja hadi nyingine, mwanzoni kwa modemu na laini za simu, hadi ukafika kwenye vyuo na kampuni zilizounganishwa. Majadiliano yaligawanywa katika makundi kulingana na mada, kama vile sayansi, kompyuta na burudani.

Adabu

Hapakuwa na mamlaka moja iliyosimamia Usenet nzima. Mgeni alitarajiwa kusoma kundi kwa muda kabla ya kuandika, kutafuta jibu kwanza katika orodha ya maswali yanayoulizwa mara kwa mara, na kutonukuu ujumbe mrefu wote ili kuongeza neno moja. Kuandika kwa herufi kubwa tupu kulihesabiwa kuwa kupiga kelele.

Sababu mojawapo ya adabu hizo ilikuwa gharama. Programu moja iliyotumiwa sana ilimwonya mwandishi kwamba ujumbe wake ungefika kwenye maelfu ya kompyuta na kugharimu mamia au maelfu ya dola.

Septemba ya kila mwaka

Vyuo vingi vya Marekani huanza mwaka wa masomo karibu na Septemba. Wanafunzi wapya walipopata akaunti za kompyuta, walianza kuandika bila kujua desturi. Wenyeji waliwasahihisha, wengine kwa upole, wengine kwa ukali. Baada ya wiki kadhaa wengi walikuwa wamezoea au wameacha. Njia hiyo ilifaulu kwa sababu wageni walikuwa wachache kuliko wenyeji, nao walikuja kwa msimu.

Wimbi lisilopungua

Kufikia mwaka 1993 kampuni zilikuwa zikiuza huduma za mtandao kwa watu wa kawaida. Mapema mwaka 1994 America Online iliwafungulia wateja wake mlango wa Usenet, na mwaka huohuo ilifikisha wateja milioni moja. Sasa wageni walikuja kila siku, na wengi hawakuwa na mwenyeji karibu wa kuwaelekeza.

Karipio nalo lilipoteza nguvu. Aprili 1994 mawakili wawili wa Arizona walisambaza tangazo la huduma zao katika maelfu ya makundi. Walipokea barua nyingi za hasira, lakini hawakuomba radhi. Baadaye waliandika kitabu cha kuwafundisha wengine kutangaza biashara mtandaoni.

Matokeo

Desturi zilizokuwa zikifundishwa kwa mazoea ziliwekwa zaidi katika maandishi. Mwongozo mmoja wa adabu za mtandaoni, RFC 1855, ulitolewa Oktoba 1995. Kazi ya kuzuia matangazo ilihamia kwa wasimamizi na programu za kuchuja barua taka.

Jina "Septemba ya Milele" linaonyesha mtazamo wa wenyeji. Hata hivyo, ukali na matusi vilikuwepo Usenet kabla ya mwaka 1993. Kilichobadilika zaidi ni uwiano: wanafunzi walizidi walimu.

America Online ilifunga huduma yake ya Usenet mwaka 2005, na Chuo Kikuu cha Duke kilizima seva yake mwaka 2010.