Kariakoo Ilivyopanda Juu

Wajukuu zangu, mkishuka Kariakoo, jijini Dar es Salaam, leo mtakuta maghorofa yamesimama bega kwa bega, maduka yamejaa hadi kwenye ngazi, na machinga wamepanga bidhaa mpaka barabarani. Mtoto wa siku hizi anadhani ndivyo palivyokuwa tangu zamani. Sivyo. Hapo pote palikuwa na nyumba za chini, na kabla ya nyumba palikuwa shamba. Tulieni niwasimulie.

Shamba hilo lilinunuliwa na Wajerumani na kupimwa viwanja muda mfupi kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mji ulikuwa wa mafungu: Wazungu kwao Uzunguni, wafanyabiashara wa Kiasia kwao Uhindini, Mwafrika akapimiwa upande huu. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, waliwakusanya hapa wapagazi wa jeshi lao, kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Hao ndio waliobeba risasi na unga kichwani porini, na maelfu kwa maelfu hawakurudi makwao. Vita vikaisha, jina la kikosi likabaki pale pale, midomoni mwa watu likawa Kariakoo.

Mgawanyo wa mji uliendelea chini ya Waingereza. Mnazi Mmoja pakaachwa wazi kama mpaka kati ya Uhindini na Kariakoo. Kule ng'ambo ilitakiwa nyumba imara. Huku kwetu mtu aliruhusiwa kujenga kwa alichonacho. Alichonacho kilikuwa miti, udongo na makuti, na kwa hivyo vichache wazee wetu walisimamisha nyumba ya Kiswahili. Hapa twende polepole kidogo.

Mbele kuna baraza. Ukipita mlango unaingia kwenye ukumbi mrefu uliokata nyumba katikati, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto. Ukumbi unatokeza uani, na uani ndiko kwenye jiko, bafu, choo, kamba ya kuanikia na pengine banda la vyumba vingine viwili vitatu. Mwenye nyumba anakaa chumba kimoja au viwili, vilivyobaki anapangisha. Kwa hiyo chini ya paa moja utamkuta Mzaramo, Mmanyema, Mnyamwezi na Mngazija, kila mmoja na funguo ya chumba chake, lakini uani ni wa wote. Mtoto akikosea, anakanywa na mama yeyote aliye karibu. Jioni wanaume wako barazani na bao na kahawa, na hakuna mgeni anayepita mtaani bila kuonekana.

Kuna jambo jingine la nyumba ile ambalo wengi hawalitaji. Ilibadilika huku wenyewe wakiwa ndani. Mwaka huu mzee anapata fedha kidogo, anatoa makuti anaweka bati. Baadaye anapiga plasta ya saruji ukuta wa mbele. Akijaliwa zaidi, anabomoa chumba kimoja cha udongo na kukijenga upya kwa tofali, wapangaji wakiendelea kulala vyumba vya pili. Mtaa mzima ulibadilika hivyo, chumba kwa chumba, bila mtu kufungasha mizigo.

Katikati ya mitaa hiyo, mwaka 1975, Mwalimu Nyerere alifungua soko jipya. Mchoraji wake alikuwa Beda Amuli, mmoja wa Waafrika wa kwanza Afrika Mashariki kusomea usanifu wa majengo. Hakulifungia soko ndani ya kuta kama ghala. Aliacha upepo upite, akaliezeka kwa vipande vya zege vilivyotanuka juu na kuteremkia kwenye nguzo, maji ya mvua yakusanyike yashuke chini kuhifadhiwa. Chini ya ardhi akaweka sehemu ya wauzaji ambayo watu wanaiita Shimoni. Mimi naliona kuwa moja ya majengo bora kabisa ya nchi hii, kwa sababu aliyelichora aliwajua wauzaji, jua letu na mvua yetu. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 moto uliliunguza. Serikali ikaamua likarabatiwe, na pembeni yake, palipokuwa soko dogo, lijengwe jengo jipya la ghorofa. Nashukuru halikubomolewa.

Nyumba za Kiswahili hazikupata bahati hiyo. Biashara ilipokua, kiwanja cha Kariakoo kikawa dhahabu. Mwenye nyumba ana kiwanja lakini hana fedha. Tajiri ana fedha lakini hana kiwanja. Wanakaa, wanaandikiana mkataba wa ubia: nyumba ibomolewe, ghorofa lijengwe, kila mmoja achukue sehemu yake. Tangu 2008 ipo sheria inayomwezesha mtu kumiliki sehemu ya jengo kwa hati yake mwenyewe. Wapo waliofaidika kweli. Wapo pia walioachiwa nyumba ya urithi ndugu kumi, vyumba sita; wakashindwa kugawana, wakauza. Mpangaji yeye hana sahihi kwenye mkataba huo. Anapewa muda wa kuhama, anatafuta chumba Mbagala au Gongo la Mboto.

Ghorofa, wanangu, halijengwi wenyewe wakiwa ndani. Na likishajengwa halichezewi. Jumamosi asubuhi ya tarehe 16 Novemba 2024 jengo moja la ghorofa Kariakoo liliporomoka watu wakiwa madukani. Waokoaji walichimba kifusi kwa siku kadhaa, na zaidi ya watu 20 walipoteza maisha. Uzito wote wa ghorofa, zege, mizigo na watu, hupita kwenye nguzo na kuingia kwenye msingi. Mtu aliyejitwika ndoo ya maji akichimbuliwa udongo chini ya unyayo, ndoo haitabaki kichwani. Ndiyo maana kuchimba chini ya jengo linalotumika, kukata nguzo au kuongeza ghorofa juu ya msingi usiopimwa kwa kazi hiyo ni kuhatarisha roho za watu, na anayefanya hivyo ili apate fremu moja zaidi hana kisingizio.

Msidhani nawaambia turudie makuti. Mji unakua na watu wanahitaji pa kukaa. Tena inawezekana kujenga kwenda juu bila kuwapoteza wenyeji. Tazameni Magomeni Kota, hapa hapa jijini: kaya 644 ziliondolewa, nyumba zao zikabomolewa, eneo likakaa tupu miaka mingi. Watu hawakunyamaza. Mwaka 2022 maghorofa yakafunguliwa na kaya zile zile zikarudishwa.

Sasa nina ombi kwenu. Nyumba za Kiswahili zilizobaki Kariakoo ni chache, na wazee waliolelewa kwenye kumbi zake wanapungua. Mkienda kwa bibi au babu likizoni, muulizeni alikulia mtaa gani, nyumba ya nani, na leo mahali pale pamejengwa nini. Chukueni daftari mchore ramani ya nyumba hiyo, chumba kwa chumba, na majina ya waliokaa humo. Na nyinyi mtakaosomea ujenzi, kabla hamjachora ghorofa la kwanza, nendeni mkakae uani na wenyeji muwaulize wanahitaji nini.